Nani Aliyetujengea Zizi?

Wapo wanaotuambia kwamba Mwafrika hupiga kura kwa damu, na kwamba vyama vingi havina budi kuishia katika boma la kabila. Usemi huu uliwafaa sana watetezi wa chama kimoja kabla ya kifungu cha 2A kufutwa mnamo Desemba 1991, na ungali ukisikika kila kura zinapohesabiwa. Sisi twaukataa, na ushahidi wetu twautoa katika vitabu vya sheria.

Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka 1953. Miaka miwili baadaye wakoloni waliwaruhusu Waafrika kuunda vyama tena, lakini kwa sharti: chama kisivuke mpaka wa wilaya. Na wilaya nyingi zilikuwa zimechorwa kwa kufuata makabila! Mkulima wa Nyanza na kuli wa Mombasa, hata kama kilio chao kilikuwa kimoja cha kodi na ujira, hawakuruhusiwa kisheria kulilia katika chama kimoja. Tulifundishwa siasa tukiwa zizini. KANU na KADU zilipozaliwa mwaka 1960, waasisi wake wengi walikuwa wakubwa wa wilaya hizo, kila mmoja na watu wake nyuma yake. Hata jina la Kalenjin, ambalo leo huhesabiwa kama kura zilizofungwa katika gunia moja, lilianza kuenea katika miaka ya 1940. Hatusemi ni la uongo. Mtu ana haki ya kuipenda lugha ya mamaye. Tunachokipinga ni kuigeuza lugha hiyo kuwa kadi ya chama.

FORD ya mwaka 1991 ilikusanya watu wa kila pembe. Ilipopasuka mwaka 1992, Rais Moi alirudi Ikulu kwa kiasi cha asilimia 36 tu ya kura. Mwaka huohuo ililetwa sheria ya kumtaka mshindi apate asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane, nayo ikasifiwa kuwa sheria ya umoja. Lakini tangu Oktoba 1991 majirani walikuwa wakichomewa nyumba katika Bonde la Ufa, na aliyefukuzwa shambani hufukuzwa pia katika kituo chake cha kura. Umoja gani huo?

Kanisa nalo halikusalimika. Mwaka 2008, baada ya damu kumwagika, Baraza la Makanisa, NCCK, liliomba radhi hadharani kwa kuegemea pande za kikabila.

Sasa tunayo Ibara ya 91 ya Katiba ya 2010, inayokataza chama kuundwa kwa msingi wa kabila. Sheria ya Vyama ya 2011 yataka kila chama kiwe na wanachama elfu moja katika kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti zote 47. Maneno mazuri. Ila mnamo Juni 2021 Wakenya wengi walishangaa kukuta majina yao katika orodha za vyama wasivyopata kujiunga navyo. Chama cha kijiji kimoja chaweza hivyo kujivika joho la kitaifa kwa majina ya kuibwa.

Ndugu msomaji, kalitazame jina lako katika daftari la Msajili wa Vyama. Ukilikuta pasipostahili, andika barua ya kujiondoa, utie sahihi, uweke nakala. Wasaidie na wazee wa kanisani mwako wafanye vivyo hivyo.