MIZANI ASUBUHI, NGOMA ALASIRI



Mvua zimekatika. Asubuhi upepo wa ziwa ni wa baridi, viazi vinakatwa michembe na kuanikwa juu ya mawe, pamba imeanza kuchumwa. Huu ndio msimu wenyewe: msimu wa harusi, wa kudaiana na kulipana, wa ngoma. Kila kukicha vijana wanatuuliza, "Ratiba ya mwaka huu iko wapi?" Ratiba hiyo hapo kulia, kwa wino mwekundu, na tunaomba watoto wasiichune. Hapa hatutairudia. Tunataka kusema juu ya siku moja tu, ambayo ubishi wake umefika mpaka kisimani.

Siku hiyo ni Jumamosi ya kwanza ya Julai, Siku ya Ushirika Duniani. Vyama vya ushirika viliianza mwaka 1923, na Umoja wa Mataifa nao ukaanza kuiadhimisha mwaka 1995. Kamati ya chama chetu imependekeza hivi: asubuhi mkutano mkuu na kujaribu mizani mbele ya watu, alasiri ngoma. Vijana wanasema ngoma ianze asubuhi, mkutano utafutiwe siku yake. Baadhi ya wazee nao wanasema ngoma ifutwe kabisa, eti inaleta ulevi na ugomvi. Sisi wa gazeti hili hatukubaliani na upande wo wote kati ya hizo mbili.

Tuanze na vijana. Mwaka jana mkutano ulipewa siku yake, kama mnavyotaka. Ukaitishwa mara mbili na mara mbili akidi haikutimia. Mara ya kwanza tulikaa chini ya mwembe toka saa tatu mpaka saa saba mchana, katibu ameshika daftari, mwenyekiti anatazama barabarani, na aliyekuja alikuja kuuliza kama posho ipo. (Na sisi tukubali kosa letu: tangazo la mkutano ule tuliliandika chini kabisa, chini ya matokeo ya mpira.) Wiki iliyofuata ngoma ikalia. Jamani! Uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda mitini. Kumbe watu wapo, ila hawapo kwenye mahesabu.

Kilichofuata mnakijua. Makisio hayakupita, na bila makisio kupita hakuna mwenye ruhusa ya kutoa fedha za mabati. Mvua za vuli zikaingia ghalani kupitia lile tundu la upande wa ziwa, mifuko ya mbegu ikalowa. Wapo wenzetu waliopanda kwa kuchelewa kwa ajili hiyo, na pamba yao mnaiona shambani ilivyo fupi. Tundu lile bado lipo. Ukisimama ndani ya ghala saa sita mchana unaona jua.

Sasa habari ya mizani. Kijana mmoja alituambia, "Mizani ya nini kuitazama? Si ipo tu?" Hatumlaumu, hakuzaliwa. Lakini vyama vya ushirika vya pamba katika Kanda ya Ziwa vilizaliwa kwenye mizani. Zamani mkulima wa huku alibeba pamba kichwani mpaka kwa mfanyabiashara, akawekewa mzani asioujua kusoma, akaambiwa uzito, akapokea alichopewa. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kupima, wasimame pale pale na kuangalia. Kutoka hapo vikatokea vyama vidogo vidogo, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho kubwa la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake wakuu. Baadaye, mwaka 1976, Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini; sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Yapo mambo mengi ya kusema juu ya uongozi wa vyama hivyo, mema na mabaya, na wazee wanayajua kuliko sisi. Tunachosema ni kwamba mkulima aliyeacha kutazama mzani amerudi kule kule alikotoka babu yake, tofauti ni kwamba safari hii anayempunja aweza kuwa mwenzake.

Hatusemi kwamba karani wetu anapunja. Tunasema apimwe yeye na mzani wake, hadharani, kwa jiwe la kilo lililo sahihi, kisha kila mwenye shaka alete gunia lake lipimwe mara mbili. Karani mwenyewe amekubali, tena kwa furaha, maana amechoka kusengenywa. Na mkulima naye ajiandae kutazamwa. Pamba iliyonyunyiziwa maji usiku, au yenye mchanga katikati, siku hiyo itafunuliwa mbele ya wakwe. Pamba safi iwe safi, na fifi iitwe fifi.

Kwa hiyo, vijana, mkutano na mizani vikae asubuhi ya siku ya ngoma, kwa sababu ndiyo siku mnayokuja. Twaomba msione ni mtego. Ndiyo, ni mtego, lakini tumewaambia mapema.

Turudi kwa wazee wanaotaka kufuta ngoma. Tunawaheshimu, na ugomvi wa mwaka jana kweli ulitokea. Lakini ninyi ndio mliotufundisha kwamba Usukumani kazi na ngoma ni ndugu. Bugobogobo inachezwa na jembe mkononi. Ilikuwa ngoma ya kulima kabla haijawa ngoma ya jukwaani. Na mashindano ya Bagika na Bagalu hayakuletwa na vijana hawa. Yanatokana na Ngika na Gumha, waganga na wachezaji wawili walioshindana zamani, na mpaka leo kila mcheza ngoma wa Kisukuma anaulizwa yu upande gani. Mwezi wa sita wengine wetu watakwenda Bujora, Kisesa, kwenye Bulabo, yaani maua, sikukuu iliyounganishwa na Ekaristi tangu wakati wa Padre David Clement aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma pale. Wanaokwenda waende, ila wabakize nauli ya kurudi. Mwaka fulani tuliwachangia.

Katika mashindano hayo vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna mwamuzi wa kuhongwa. Umati unakwenda huku, unarudi kule, kikundi kinabuni kituko, mwingine analeta nyoka, watu wanahama tena. (Habari za dawa tunawaachia wenyewe.) Sheria ni nzuri, na sisi tunataka ifuatwe hivyo hivyo, kwa sharti moja: pombe isiuzwe upande mmoja. Mwaka jana pipa liliwekwa nyuma ya Bagalu, nasi tukaambiwa Bagalu wameshinda. Lililoshinda ni pipa, na ugomvi ulianzia hapo hapo. Basi kosa lilikuwa la waliopanga, tusilitupie ngoma.

Na hapa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike tahariri ndefu kuliko kawaida.

Kuna mfanyabiashara mmoja kutoka mjini amekuja kwa kamati. Anasema ataleta jukwaa, turubai na spika kubwa, bure kabisa. Anachotaka ni kwamba siku hiyo chakula na vinywaji vyote viuzwe na yeye peke yake. Kamati haijatoa jibu. Wajumbe wengine wanaona ni bahati, kwa kuwa kukodi vitu hivyo ni fedha nyingi. Sisi tunasema kamati ikatae.

Tunasema hivyo kwa sababu ya mama zetu na dada zetu wa kivukoni. Daraja lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilometa tatu juu ya maji mpaka Busisi, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka kurudi kwenye siku za kivuko. Tumebeba wagonjwa tukangoja. Tumeona mzazi anajifungulia kwenye foleni. Sasa gari linapita kwa dakika chache, nasi tunashukuru. Lakini ile foleni iliyokuwa adha kwa msafiri ndiyo iliyokuwa shamba la mwanamke wa Kigongo. Karanga, mayai ya kuchemsha, sato wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, miwa, vyote viliuzwa kwa abiria mwenye njaa asiye na pa kwenda. Kwa fedha hiyo watoto wamesomeshwa. Magari ya siku hizi hayasimami. Tunayaona mgongo tu.

Wengine kati ya akina mama hao ni wanachama wetu, hisa zao walilipa kwa sarafu za karanga. Siku moja katika mwaka watu wengi watasimama tena Kigongo wakiwa na njaa, nasi siku hiyo hiyo tumpe mgeni kwa ajili ya spika? Ngoma ya Kisukuma tangu lini ikahitaji spika? Ngoma ikipigwa vizuri hapa, Busisi wanasikia.

Tunapendekeza meza za chakula wapewe akina mama waliokuwa wakiuza kivukoni, bila ushuru wa chama, wapangiwe mahali kabla ya siku yenyewe ili wasigombee kivuli. Mfanyabiashara yule akitaka kuja na meza yake kama wengine, karibu sana, atalipa ushuru. Wapo watakaosema tunakosa mapato. Ni kweli, tutakosa. Katika mkutano wa asubuhi mtu na asimame aseme hivyo, nasi tutamjibu mbele yake, kura ipigwe.

Mambo mengine kwa ufupi. Kusafisha mwalo ni Jumamosi inayotangulia. Kila kaya mtu mmoja mwenye panga au reki, magugu maji yatolewe yapelekwe mbali, yasirundikwe ukingoni yakarudi na wimbi. Watoto wasishirikishwe kuingia majini, kichocho bado kipo. Vijana wa mitumbwi wanaotaka mashindano ya kupiga kasia waandikishe majina, na asiyevaa boya hatashindana, hata awe bingwa. Maonyesho ya Nanenane huko Nyamhongolo chama kitapeleka watu wachache. Tungependa safari hii waende wanaolima, wakarudi na kutueleza walichokiona, badala ya wale wale wanaorudi na kofia. Na baada ya shangwe zote hizi msisahau masalia ya pamba: yang'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe 15 Septemba, wadudu wasikute makao ya kungojea msimu ujao. Mwaka jana kuna mashamba yalibaki yamesimama mpaka mvua, na mwenye shamba la jirani ndiye aliyelipa kwa dawa.

Asiyejua kusoma asomewe. Tumeona baadhi yenu mnasoma kimya na kuondoka, ilhali mzee amesimama pembeni anangoja.

Kamati inakaa Alhamisi ijayo saa kumi jioni, ofisini, kutoa jibu kwa yule mfanyabiashara. Kikao ni cha wajumbe, lakini mlango utakuwa wazi na dirisha halina kioo. Na kwa kuwa kamati ikikataa tutakosa turubai, mwenye turubai kubwa la kuanikia dagaa au kufunikia pamba amwone katibu mapema. Litarudishwa likiwa limefuliwa.