Akiba Nayo Huoza



Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Walisema hivyo kabla ya kuwapo kanda za sumaku. Katika miaka ya 1990 wenye kompyuta wengi walizoea kunakili maandishi yao katika kanda ndogo, ili diski ya mashine ikiharibika kazi yao isipotee. Leo kanda za namna hiyo zingali makabatini, nazo zaweza kuwa na hesabu za duka, alama za wanafunzi, hata barua za wazee waliokwisha kufariki. Kompyuta za siku hizi hazina mahali pa kuzitia. Basi, apendaye kuyaokoa maandishi hayo hana budi kutafuta kiendeshi cha kanda na kukifunga ndani ya kompyuta ya kale.

Tuchukue mfano wa Jumbo 250, kiendeshi cha Colorado Memory Systems ya mji wa Loveland, Marekani, kampuni iliyonunuliwa na Hewlett-Packard mwaka 1992. Jina lisitudanganye. Kanda yake iitwayo DC2120 huchukua megabaiti 120 tu. Ile 250 yatokana na tumaini kwamba programu itayabana maandishi hata yapungue nusu.

Kwanza, kitazame kiendeshi chenyewe. Ndani ya mlango wake mna gurudumu dogo la mpira liendeshalo kanda. Mpira huo ukizeeka hulainika na kunata kama ulimbo. Ukiuona hivyo, usitie kanda yoyote mpaka gurudumu libadilishwe.

Pili, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha shika chuma tupu cha sanduku lake, ili umeme uliokaa mwilini usiunguze vifaa vya ndani. Sukuma kiendeshi katika nafasi iliyo wazi, ukikaze kwa skrubu fupi. Unganisha plagi ya umeme yenye nyaya nne: ya njano, nyeusi mbili na nyekundu. Kisha unganisha kebo bapa ya nyaya 34, ileile itumiwayo na flopi; ukingo wake wa rangi uelekee pini namba 1. Ukiwasha mashine na taa ikawaka bila kuzimika, jua kwamba kebo imegeuzwa.

Usikiandikishe kiendeshi hiki katika mipangilio ya kompyuta kana kwamba ni flopi. Programu yake itakitafuta yenyewe. Na kwa kuwa viwili hivi vyapita njia moja, flopi isitumiwe wakati kanda inapozunguka.

Tatu, na hapa ndipo wengi hupotewa: usianze na kanda ya thamani. Chukua kanda isiyo na kitu cha maana, andika humo faili moja, uirudishe katika diski, uifungue na kuisoma. Ikisomeka sawasawa, ndipo uilete ile ya thamani. Sogeza kwanza kidude chake cha kuzuia kuandika, kisha uisome kwa programu ileile iliyoiandika. Uwe na saburi: kwa kasi ya biti 500,000 kwa sekunde, megabaiti 120 hazimaliziki chini ya nusu saa.

Jihadhari pia, kwa maana ndani ya kanda mna ukanda mwembamba wa kuizungusha, nao huchakaa kwa miaka. Huenda kanda ikasomeka mara moja tu. Kwa hiyo, yale yaliyopatikana yanakiliwe siku ileile mahali pawili mbalimbali.

Twawashauri wazazi na wanafunzi: nakala ambayo haijafunguliwa na kusomwa msiitumainie bado. Hata nakala mpya za leo zitazeeka. Zikaguliweni kila mwaka, kama vile mkulima mwenye busara akaguavyo mbegu zake kabla ya mvua.