Simu ni Mfuko, Si Shamba

Kuna jambo ambalo wengi wetu hulizungumza bwenini kila likizo inapokaribia, lakini hatulisemi mbele ya wakubwa. Jambo lenyewe ni kujipatia fedha kwa simu janja.

Sheria ya shule yetu twaijua sote: simu hubaki nyumbani. Lakini shule ikifungwa, na kila mmoja akirudi kwao, huyu Inde, huyu Arua mjini, yule Koboko, simu ndiyo huwa rafiki wa kwanza. Hapo ndipo zinapoanza habari njema. Mmoja asema ameona programu inayolipa watu kwa kutazama matangazo. Wa pili asema yake hulipa kwa kualika marafiki. Wa tatu asema yake hukopesha bila kuuliza maswali. Na wote humaliza kwa neno moja: "Siku hizi shamba ni simu."

Mimi nalikataa neno hilo. Nasema simu ni mfuko, si shamba. Shamba huotesha kitu ambacho hakikuwapo. Mfuko huchukua kilichopo tayari kutoka hapa hadi pale, na kama umetoboka, hukimwaga njiani. Mtu asiyejua tofauti hiyo atapanda mbegu zake mfukoni, na wakati wa mavuno atalia. Nayajua haya, maana nimelia.

Katika likizo ya mwisho wa mwaka nilibeba matofali kwa mtu mmoja aliyekuwa akijenga nyumba. Malipo yalikuwa shilingi 5,000 kwa siku. Baada ya siku 10 nilikuwa na shilingi 50,000, nami nilikusudia kununua viatu na vitabu. Ndipo nilipoonyeshwa programu moja, ambayo jina lake sitalitaja. Sharti lake lilikuwa kuingiza shilingi 50,000 kwanza. Kisha kila siku utazame matangazo 10, nawe uandikiwe shilingi 2,500. Nilipiga hesabu nikaona kwamba kwa siku 20 fedha zangu zitakuwa zimerudi, na baada ya hapo kila siku itakuwa faida tupu. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Aliyeniahidi ndiye hakuwa sawa.

Juma la kwanza niliomba kutoa shilingi 15,000, nazo zikaja kweli. Nilifurahi hata nisiweze kunyamaza. Nikawaita watu wawili, binamu yangu na mwanafunzi mwenzangu mmoja. Kila mmoja wao aliingiza shilingi 50,000, na kwa kila mmoja nikapewa shilingi 5,000. Siku ya 23 tulifungua simu zetu tukakuta programu haifunguki. Hata leo haijafunguka.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi nalitazama daftari langu. Niliingiza 50,000. Bando la kutazamia matangazo lilinila 1,000 kila siku, jumla 23,000. Zilizonirudia ni zile 15,000, na zile 10,000 za kuwaleta wenzangu. Hasara yangu ni shilingi 48,000, yaani karibu matofali yote ya siku 10.

Hasara hiyo naweza kuivumilia. Lakini kuna jambo jingine ambalo siwezi kulivumilia. Zile shilingi 5,000 nilizopewa kwa ajili ya mwenzangu zilitoka wapi? Zilitoka katika 50,000 zake mwenyewe! Nililipwa kwa fedha ya rafiki yangu, nami nikamshukuru mwizi. Tena fedha zile zilikuwa sehemu ya ada yake. Muhula ulipoanza alichelewa majuma mawili. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na kule kutonilaumu kwaniuma kuliko matusi. Sasa nawalipa wote wawili kidogo kidogo, maana mimi ndiye niliyewashika mkono nikawaingiza mlangoni.

Yafaa tukumbuke kwamba ujanja huu ulikuwapo kabla ya simu janja. Mwaka 2009 watu wengi wa Tanzania walipoteza fedha zao katika mchezo ulioitwa DECI, ambamo mtu aliambiwa "apande mbegu" za fedha naye atavuna maradufu. Tazameni, hata huko walilitumia jina la kilimo. Mwaka 2019 hapa kwetu Uganda kampuni iliyoitwa Dunamiscoins iliahidi faida kubwa katika muda mfupi. Kabla mwaka haujaisha, ofisi zilifungwa na maelfu ya watu wakaachwa nje. Namna yake ni moja tu: wa mbele hulipwa kwa fedha za wa nyuma, na siku wa nyuma wanapokwisha, mchezo nao hukwisha. Simu imeongeza mwendo tu. Zamani mdanganyifu alihitaji ofisi, meza na karani. Leo hahitaji hata kiti.

Huenda msomaji akasema: "Huyu ameumwa na nyoka, sasa akiona unyasi anashtuka. Je, hakuna kazi ya halali katika intaneti?" Ipo. Kuna vijana, hasa nchini Kenya, waliolipwa kwa kuzipa picha majina, ili mashine zijifunze kutambua gari, mti au mtu. Hiyo ni kazi, maana kuna anayeihitaji na kuna jasho linalotolewa. Lakini hata humo kuna somo. Mwezi Machi 2024 kampuni ya Remotasks iliwafungia Wakenya mlango wake kwa ghafla, na vijana waliokuwa wakiitegemea wakaamka hawana kazi. Mwenye kulima kwa jembe la kuazima asisahau kwamba mwenye jembe aweza kulitaka wakati wowote.

Basi simu ina faida gani? Ina faida kubwa, ikitumiwa kama mfuko. Shangazi yangu huuza samaki wakavu sokoni Koboko. Samaki wake hutoka Panyimur, kando ya Ziwa Albert. Zamani alisafiri mwenyewe, fedha amezifunga katika pindo la leso, halali usingizi njiani kwa kuwaogopa wezi. Siku hizi huuliza bei kwa simu, hutuma fedha kwa simu, na samaki huletwa na lori. Ameokoa nauli, na siku mbili za kazi kila safari. Hiyo ndiyo fedha ya ziada iliyo ya kweli. Lakini tazameni: simu haikuvua samaki, wala haikuwaanika juani, wala haikukaa sokoni tangu asubuhi. Mwenye kitu cha kuuza, simu humsaidia. Asiye na kitu, simu humuuza yeye.

Sasa niseme juu ya kuweka akiba. Fedha za simu zilianza hapa Uganda mwaka 2009, miaka miwili baada ya M-Pesa ya Kenya, na tangu hapo wengi wamedhani kwamba fedha ikikaa katika simu imewekwa. Mimi naona haijawekwa, imepumzika tu. Kufuli lake ni moja, na ufunguo wake ni tarakimu chache ninazozijua mimi mwenyewe. Nikitamani chapati na mayai saa tatu za usiku, nani atanizuia? Tena kutoa fedha kuna gharama. Tangu mwishoni mwa mwaka 2018 kodi ya serikali juu ya kutoa ni nusu ya asilimia moja, yaani shilingi 500 katika kila 100,000, mbali na ada ya kampuni. Na bando nalo lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Atoaye kidogo kidogo kila siku hula akiba yake bila kuionja.

Mikopo ya simu yahitaji hadhari zaidi. Mpango wa M-Shwari ulipoanza Kenya mwaka 2012, mkopaji alitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mwaka 2016 mpango wa namna hiyo uliletwa Uganda kwa jina la MoKash. Watu huona asilimia 7.5 ni kitu kidogo. Lakini tufanye kama tulivyofundishwa darasani: mtu akikopa hivyo kila mwezi kwa miezi 12, atakuwa amelipa asilimia 90, na bado deni la mwisho liko mlangoni. Sisemi mkopo ni dhambi. Mchuuzi anayenunua leo na kuuza kesho aweza kuulipa kwa faida yake. Mwanafunzi anayekopa ili anunue bando ataulipa kwa nini? Na laini nyingi tunazotumia zimeandikishwa kwa jina la mzazi. Ukikopa wewe, mdaiwa ni mama yako.

Mama yangu hana simu janja, lakini ameweka akiba kunishinda mimi. Yeye ni mwanachama wa chama cha akiba cha wanawake wa kijijini. Sanduku lao ni la chuma, lina makufuli matatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu mbalimbali. Anayelitunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kila juma hukutana, huhesabu fedha mbele ya macho ya wote, na kila mtu huandikiwa katika kitabu chake. Mwenye shida hukopa, na faida ya mkopo hurudi katika sanduku lilelile, nao huigawana mwisho wa mwaka. Vyama vya namna hiyo vilianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, na leo viko katika nchi nyingi za Afrika. Ada ya muhula wangu wa kwanza ilitoka katika sanduku lile. Siri yake ni kwamba mtu hawezi kuifikia fedha yake peke yake, kwa hiyo tamaa yake hupata muda wa kupoa.

Maoni yangu, basi, ni haya. Simu iwe ya kupeleka na kupokea, na sanduku liwe la kuweka. Yeyote anayetaka umlipe kwanza ili akupe kazi, mkimbie, maana kazi hulipa mtu, hailipwi. Nawaomba pia walimu wetu wa hesabu watufundishe riba kwa mifano ya mikopo hii ya simu, kwa kuwa ndiyo tutakayokutana nayo siku ya kwanza tukitoka lango la shule.

Mwisho, nashauri sisi wa madarasa ya juu tuanze chama chetu hapa shuleni. Tukiwa 20, na kila mmoja akiweka shilingi 1,000 kwa juma, kwa majuma 12 ya muhula tutakuwa na shilingi 240,000. Sanduku tumkabidhi mwalimu, na funguo tatu ziwe kwa wanafunzi watatu. Mwenzetu akikwama kwa sehemu ya ada, asikae nyumbani majuma mawili kama alivyokaa yule rafiki yangu. Haba na haba hujaza kibaba.

Najua nimewahi kuwaalika wenzangu katika jambo la fedha, na ilikuwa kwa hasara yao. Leo nawaalika tena. Lakini safari hii mtaziona fedha zenu kwa macho yenu kila juma, na kwa mwaliko huu mimi silipwi hata senti moja.