Mbwa Asiye na Kiinua Mgongo

Wenzangu mlioko shuleni, najua mtacheka mkisikia kwamba mimi, Mganda niliyesoma hapo, nalala nyumba moja na mbwa hapa Manchester. Chekeni, kisha mnisikilize.

Mbio za mbwa za kumfukuza sungura wa mashine zilianza Uingereza katika mji huu, uwanja wa Belle Vue, mwaka 1926. Mbwa hao wembamba hupita kilomita 60 kwa saa. Wakifika miaka minne au mitano, kazi imekwisha. Mtu akistaafu hupewa kiinua mgongo. Mbwa je?

Huyu namlea kwa muda tu, mpaka apate mwenyewe. Amekulia bandani: ngazi haijui, mlango wa kioo aliugonga kwa pua, na mashine ya kufulia ilimtetemesha. Nilimpandisha kidato kwa kidato, nikimshika miguu, bila kumpigia kelele. Nje huenda kwa kamba, maana akiona paka akili yote humtoka!

Jirani asema napoteza wakati. Mimi nasema aliyemchezea kamari anadaiwa. Nami niliweka fedha Belle Vue mara nyingi, kabla mbio za hapo hazijakoma mwaka 2020.

Jana usiku alipanda ngazi peke yake, akalala mlangoni pangu.