Marimba ya spoku iingie darasani

Kopo tupu la maziwa ya unga, konzi ya choroko na kifuniko kilichobana: manyanga ya mtoto yako tayari.

Marimba ya mkono inataka subira zaidi. Spoku za baiskeli hugongwa kwa nyundo mpaka zilale bapa, kisha hubanwa juu ya kisanduku cha mbao. Kila spoku sasa ni ulimi: ukivutwa nje, sauti hushuka. Ukisukumwa ndani, hupanda. Hiyo ni fizikia, tena ya kuguswa kwa kidole gumba. Marimba hii Wagogo wa Dodoma huiita ilimba, na mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya.

Shule inayosubiri bajeti ya kinanda inawachelewesha watoto bure. Kelele? Zitakuwepo, somo lihamie chini ya mwembe. Ncha za spoku tu zipigwe tupa kwanza, zisichome vidole.