Deni la Bahari Lisiandikwe Jina la Mluguru

Imezuka kasumba mpya maofisini. Kila samaki wanapoadimika, kila matumbawe yanapopauka, na kila Mto Ruvu unaposhuka na maji ya rangi ya udongo, hapatikosekana mtaalamu wa kunyoosha kidole kuelekea milima ya Uluguru na kutamka kwamba mharibifu ni mkulima wa Matombo. Semina huitishwa, chai hunywewa, posho hutiwa saini, na huyo aliyehukumiwa hayumo ukumbini.

Watumishi wa umma na walimu hawana budi kuipinga kasumba hiyo, kwa sababu inachanganya mambo mawili yasiyo na asili moja: joto na tope.

Joto kwanza. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto lililoongezeka duniani kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi. Tumbawe ni mnyama aishiye kwa ushirika na vimelea vidogo vya jamii ya mwani, ambavyo humlisha na kumpa rangi. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, tumbawe huvitapika vimelea hivyo, hupauka, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, matumbawe mengi ya Mafia yalipokufa. Balaa likarudi mwaka 2016, na mwaka 2024 wanasayansi wakathibitisha kwamba dunia imo katika mpauko mkuu wa nne. Huko Unguja, akina mama wa Paje na Jambiani waliokuwa wakilima mwani aina ya kotonii wameuona ukioza katika maji ya moto ya kina kifupi, wakalazimika kubaki na spinosamu, ambao bei yake ni duni mno.

Nani aliyewasha moto huo? Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa chafu ya dunia. Mkulima wa Matombo analima kwa jembe la mkono na kubeba ndizi kichwani mpaka barabarani. Kumtwisha mzigo wa tanuri za Ulaya na Marekani ni dhuluma, na yafaa iitwe hivyo bila haya.

Sasa tope. Hapa mlima hauwezi kusema haumo. Mvua ya upande wa mashariki wa Uluguru huzidi milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu za juu, na miteremko ni mikali. Udongo ulioachwa wazi hushuka hadi Mto Mvuha, ukaingia Ruvu, na hatimaye baharini karibu na Bagamoyo, mwendo wa kilomita zipatazo 150 kwa mstari ulionyooka. Tope huziba mwanga na kuyafunika matumbawe. Tena mbegu za matumbawe machanga haziwezi kushika ila kwenye mwamba safi. Mwamba uliounguzwa na joto waweza kupona baada ya miaka kumi au zaidi ukipewa maji safi. Ule uliounguzwa na kisha kufukiwa hauponi upesi, pengine hauponi kabisa.

Na hata tope hilo si lote la mkulima. Bahari iliyopata joto huupakia upepo mvuke mwingi zaidi, na mvuke huo ukigonga Uluguru hushuka kwa kishindo ambacho shamba la mteremkoni halikukizoea.

Basi atakayepanda Matombo kuhimiza hifadhi ya udongo akumbuke yaliyotangulia. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Wataalamu wao hawakusikia walipoambiwa kwamba kuchimba huko kunafukia udongo mzuri na kuleta juu ule usiozaa. Mwaka 1955 wananchi walikusanyika Matombo kukataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa, na mpango wote ukavunjika. Matuta yenyewe hayakuwa dhambi. Dhambi ilikuwa amri isiyo na masikio.

Njia nyingine ipo, na haikutoka mbali. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Ruvu. Huko Kibungo Juu ulipata kufanyika mradi wa kuwalipa wakulima waliopanda miti na kutunza ardhi yao, na shirika la maji la jijini lilichangia. Kwa nini jambo hilo lilibaki la majaribio? Mji unaokunywa mlima umeona taabu gani kuulipa?

Walimu nao wanalo jukumu. Somo la bahari lisiachwe liwe habari za watu wa pwani. Mwanafunzi wa Matombo aonyeshwe kijito kilicho nyuma ya darasa lake, afuatishe kwa kidole kwenye ramani mpaka chumvini.

Mwaka 2022, huko Misri, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kukabiliana na hasara na madhara ya mabadiliko ya tabianchi. Maofisa wanaoandika maombi ya fedha hizo waiandike Matombo katika safu ya wanaodai, pamoja na akina mama wa Paje.