Neno la Mhariri: Kiswahili Kiwemo Tangu Rasimu ya Kwanza

Tarehe 30 Aprili 2017 Dubai ilijipatia fonti yenye jina lake. Serikali ya mji huo, ikishirikiana na Microsoft, ilizindua Dubai Font, kazi ya Nadine Chahine, mchoraji wa herufi mwenye asili ya Lebanon aliyekuwa katika kampuni ya Monotype. Fonti hiyo iliingizwa kwenye Office 365, ikawekwa mtandaoni kila mtu aipakue bure, ikaelezwa kuwa inatosheleza lugha 23. Wapo walioiona kuwa tangazo tu la mji, na hawakukosea sana: mji wenye jengo la mita 828 hauoni haya kujitangaza. Hata hivyo, katika uchoraji wake mna jambo la kuwafaa wabunifu wa tovuti. Herufi za Kiarabu na za Kilatini zilichorwa bega kwa bega, kila upande ukiurekebisha mwenzake. Kiarabu hakikungoja Kilatini kimalizike ndipo kitafutiwe nafasi.

Toleo hili la zana, vivutio na vitu vya kuokota mtandaoni linasimama juu ya hoja hiyo. Mbunifu anayemtengenezea Mswahili tovuti akiwa Dubai aanze kuchora na maneno ya Kiswahili yakiwa tayari mezani. Akisubiri mwisho amechelewa.

Zana hazimpi mtu kisingizio tena. Figma inafunguka ndani ya kivinjari, Google Fonts inagawa fonti bure tangu 2010, WordPress ipo tangu 2003, na kila kivinjari kikubwa kina zana zake za kukagua kurasa. Kijana wa Deira, Dubai, na kijana wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanashika kalamu ileile. Tofauti inaanza pale mbunifu anapochora mstatili wa kwanza: ni lugha gani iliyo kichwani mwake? Mara nyingi ni Kiingereza. Hununuliwa kiolezo kilichochorewa mkahawa wa California, kikajazwa anwani ya mtaa wa Naif, Dubai, kisha juu kabisa likabandikwa neno moja, “Karibu”. Mgeni anakaribishwa kwa Kiswahili na kuachwa mlangoni.

Anayetaka kuona madhara ya lugha kuletwa mwishoni atazame namna Kiarabu kinavyoteswa. Ukurasa wa Kiarabu husomwa kutoka kulia, kwa hiyo menyu inahama upande na mshale wa kuendelea unaelekea kushoto. Lakini si kila kitu kinageuka: alama ya pembetatu ya kuchezesha video hubaki ilivyo, na tarakimu za simu husomwa vilevile kutoka kushoto. Hapo ndipo kazi ya haraka inapoumbuka. Namba inayoanza na +971 ikidondoshwa tu katikati ya sentensi ya Kiarabu, alama ya kujumlisha huruka hadi mwisho wa pili na msomaji anabaki akiangalia namba iliyokaa kinyume. Dawa yake ni ndogo mno: kuifunga namba ndani ya elementi ya bdi, au kuipa mwelekeo wake kwa sifa ya dir. Tena kuna mbunifu aliyezoea kuachanisha herufi za Kilatini ili kichwa cha habari kipendeze. Akifanya hivyo kwa Kiarabu, ambacho herufi zake hushikana, anakuwa amelikata neno vipande. Programu za uchoraji ambazo hazikutayarishwa kwa Kiarabu huenda mbali zaidi, zikaziachanisha herufi na kuzipanga kinyumenyume, na mabango ya namna hiyo yamekwishatundikwa hadharani katika miji mingi duniani.

Kiswahili hakina balaa la kugeuka upande, ndiyo maana kasoro zake hazipigiwi kelele. Lakini zipo. Tukibebesha kitenzi viambishi vyetu, neno moja linakuwa sentensi: “Hamjatuthibitishia” haliingii kwenye kitufe kilichopimwa kwa neno la herufi sita, na kwenye simu ndogo linakatwa mkia au linavuruga mstari mzima. Aliyeanza na neno hilo angechora kitufe kipana tangu mwanzo, au angetafuta neno fupi zaidi.

Halafu kuna saa. Chukua ofisi ya kusafirisha mizigo kutoka Deira kwenda Dar es Salaam, iliyoandika kwamba inafungua saa 2 asubuhi. Mteja wa Kariakoo anaelewa bila shida, ila Dubai imetangulia Afrika Mashariki kwa saa moja, kwa hiyo anapopiga saa 2 yake wenzake wamekwisha kukaa ofisini saa nzima. Akishuka chini kwenye fomu ya kuweka miadi anakuta 08:00, na hapo hajui afuate ipi. Kalenda nayo ina yake. Tangu tarehe 1 Januari 2022 serikali ya Falme za Kiarabu inapumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku ya kazi. Sharjah, mwendo mfupi tu kwa gari, iliamua kupumzika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kalenda iliyopachikwa kwenye tovuti kabla ya hapo na kusahauliwa bado inamwambia mteja aje Jumapili.

Kwa tarehe, msaada uko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Hazina ya taarifa za lugha inayotunzwa na Unicode ina Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, na vivinjari vinachota humo. Mstari mmoja wa JavaScript unaotumia Intl na kutaja sw unaandika “Jumatatu” na “Desemba” bila mtu kutafsiri chochote. Kuna pia lang="sw" juu ya ukurasa, herufi chache ambazo hakuna mteja atakayeziona. Wenye kunakili violezo huacha en palepale, na programu inayowasomea wasioona inapofika hapo hulitamka “tunashukuru” kwa ulimi wa Mwingereza. Hili ni la dakika moja, na ni aibu kuliacha.

Uzito wa kurasa nao usemwe kidogo. Picha ya Burj Khalifa wakati wa magharibi, ikiwa haikubanwa, inakula bando la mteja kabla hajaiona bei kwa kilo. Naye alikuja kwa ajili ya bei, siku meli inapofika, na namba ya WhatsApp.

Kwenye vivutio, mhariri wa jarida hili ana upendeleo na haufichi. Wabunifu wetu wanavinjari maonyesho yaleyale ya kazi za Wamarekani, ilhali maktaba ya SOAS jijini London imeweka mtandaoni picha za hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tazama tendi zilivyopangwa humo: vipande vinne vya ubeti vinalala katika mstari mmoja, safu kwa safu, alama ndogo zikitenga kipande na kipande. Huo ni mpangilio wa gridi, umefanywa kwa kalamu ya mwanzi. Hati za msikiti wa Riyadha wa Lamu, nyingi zikiwa za Kiarabu, zilipigwa picha chini ya mradi wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, nazo ziliwekwa mtandaoni. British Museum ina kanga nyingi kwenye katalogi yake ya mtandaoni, ambako mbunifu anaweza kutazama pindo, mji na jina. Anayetaka kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kwenye skrini amtafute Kevin Donnelly na zana zake alizoziita Andika!, ambazo hugeuza maandishi kutoka hati moja kwenda nyingine. Kwa mji kama Dubai, ambao vibao vyake vina hati mbili, ni ajabu kwamba duka la Mswahili halijafikiria kuweka jina lake hivyo.

Juhudi za namna hii hazikuanza jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Waliofanya kazi ile walilazimika kukaa na kukubaliana juu ya kila neno la kila kitufe, jambo ambalo tovuti nyingi za leo bado zinalikwepa.

Wenye maduka wana jibu lao: wateja wetu Kiingereza wanakijua. Huenda. Ila mteja huyohuyo akibonyeza WhatsApp anatuma sauti ya Kiswahili tangu salamu, anajibiwa kwa Kiswahili, anapatana bei kwa Kiswahili na analipa. Mazungumzo yote ya biashara yamehamia nje ya tovuti iliyogharimiwa. Makala zinazofuata zinaanza na fomu ya miadi ya ile ofisi ya mizigo, ikichorwa upya kuanzia kitufe chake kirefu kuliko vyote.